Tabita Kibona, Mwanachama Namba Kumi na Saba

Kila alipotoka shambani, Tabita Kibona alisimama mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaweka jembe chini, akapiga hodi. Alijua ndani hakuna mtu. Ufunguo alikuwa nao yeye, ameufunga kwenye pindo la kitenge. Lakini alipiga hodi, akasubiri kidogo, ndipo akafungua. Jirani mmoja aliyemwona akamwuliza, "Mama Wilbard, humo unamwomba nani ruhusa?" Akajibu, "Panya. Nawapa nafasi wajisitiri." Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Yeye hakucheka. Aliingia, akarudisha mlango, na baada ya muda moshi ukaonekana juu ya paa.

Wengi wanaomfahamu huyu mama tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 2014, hapa Itaka, wanamfahamu hivyo: maneno machache yenye chumvi, kisha mlango. Haya yanayosomwa yametoka kwake mwenyewe, maana alikuwa akisimulia vipande vipande huku anapalilia, na mengine yametoka kwa wakubwa waliokuwepo. Palipokosewa, wakubwa watusamehe.

Alizaliwa tarehe 8 Juni 1951 katika kijiji cha Ikinga, Ileje, akiwa mtoto wa nne na msichana wa kwanza wa mzee Kasiani Kibona na mama Paskalina. Ulikuwa wakati wa kuvuna mahindi. Mama yake alikaa ndani siku nne, siku ya tano akarudi shambani na mtoto mgongoni. Kwa hiyo marehemu alipenda kusema kwamba yeye alianza kazi ya kilimo akiwa na umri wa siku tano, na likizo hajapewa mpaka leo.

Alianza shule hukohuko Ikinga mwaka 1960, akaishia darasa la nne mwaka 1963. Shuleni alikumbukwa kwa jambo moja. Alikuwa na tabia ya kuweka maharage mabichi mfukoni, akayapanda kimyakimya nyuma ya vyoo vya shule. Yalipoota na kutambaa ukutani, mwalimu alitaka kujua mwenye mchezo huo ni nani. Tabita akanyoosha mkono. Adhabu yake ilikuwa kuyapalilia mpaka yakomae. Yalipokomaa, yalipikwa, shule nzima ikala, na mwalimu akala sahani mbili. Hata hivyo mwaka uliofuata nafasi ya kuendelea na masomo nyumbani kwao ilikuwa moja tu, ikaenda kwa kaka yake. Hakuwahi kulalamika mbele za watu. Ila kila karatasi yenye maandishi iliyofika mkononi mwake, hata ile iliyofungiwa sukari, aliisoma yote kwanza kabla ya kuwashia moto.

Alifunga ndoa na Jairo Mwashiuya tarehe 11 Desemba 1971. Jairo alikuwa kibarua katika ujenzi wa barabara kuu iendayo Tunduma, na alifika Ikinga kumsindikiza rafiki yake aliyekwenda kuposa. Rafiki alikataliwa. Jairo akakubaliwa, na hakuwa ameomba chochote zaidi ya maji ya kunywa. Walijaliwa watoto watatu: Getruda mwaka 1973, Wilbard mwaka 1976, na wa mwisho ambaye hakufikisha wiki.

Kuja Itaka, kwao Jairo, hakukuwa kwepesi kwake. Yeye alikuwa Mndali, hapa watu wanazungumza Kinyiha. Kisimani wanawake walikuwa wakiongea na kucheka, naye hakujua kama wanamcheka yeye au wanacheka yao. Kwa miezi mingi alijaza ndoo, akajitwisha, akaondoka. Baadaye alisema Kinyiha alijifunza kwa kusikiliza watu wakigombana, kwa sababu mtu akigombana hurudia neno moja mara nyingi na kwa sauti kubwa. Alipoanza kukizungumza, watu walishangaa kwamba mtu mpole vile anajua matusi yote.

Kazi yake ilikuwa kilimo. Alilima mahindi na maharage kama wanawake wenzake, lakini leo tunataka kuizungumzia kahawa. Miaka hiyo kahawa ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alipalilia, alichuma, alimenya, alianika, aligeuza juani kutwa. Siku ya kupeleka kuuza, mwanaume akavaa koti. Mwaka 1986 Jairo alimpa mke wake kipande cha mteremko chenye mawe, apande maharage ya mboga. Yeye akaanza kuokota miche iliyojiotea yenyewe chini ya mibuni ya watu, ile ambayo wenyewe huing'oa na kuitupa. Aliipanda kwenye makopo, akainyeshea maji aliyooshea vyombo, mvua ilipoanza akaihamishia kwenye yale mawe. Mwaka wa kwanza ilikuwa miche sitini.

Jairo alipoiona akamwuliza, "Mama Getruda, na wewe unataka kuvaa koti?"

"Mimi nataka kahawa," akasema. "Koti endelea kuvaa wewe."

Jairo alikuwa mtu mwema. Alicheka, akamsaidia kung'oa mawe. Hata watu walipomwambia mke wake anamkalia kichwani, aliwajibu, "Basi nanyi tafuteni wa kuwakalia, muone kahawa inavyostawi."

Jairo aliugua kifua wiki tatu, akafariki tarehe 3 Februari 1993. Alizikwa juu ya mteremko huo, pale tutakapokwenda baada ya ibada hii. Marehemu alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Matanga yalipokwisha, ukoo uliketi. Kwa mila ya wakati ule, mzee Kefa, mdogo wa Jairo, ndiye aliyetakiwa amrithi mjane pamoja na shamba. Marehemu alisimama akasema, "Shemeji Kefa ni mtu mzuri. Lakini mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika. Imetosha." Wazee walishauriana muda mrefu. Mwisho wakamwambia, "Basi ukae. Ila utakaa kama mke wa Jairo, na jina la Jairo lisifutike hapa." Alikubali upesi. Usiku ule aliona ameshinda. Kumbe ni hapo alipokosea, na kosa lenyewe lilimchukua miaka ishirini na moja kulitengeneza.

Kwa maana alilitunza jina la Jairo kuliko wazee walivyotarajia. Wanunuzi binafsi walipoanza kufika na magari yao, kila mmoja na daftari lake, marehemu aliandikisha Jairo. Mwaka 2002 wakulima wa hapa walipoanzisha kikundi na kununua mtambo wa kumenya kahawa, wanachama waliitwa waandikwe, mmoja kwa kila kaya. Katibu alikuwa Nathanaeli, na bado ndiye katibu. Nathanaeli alikuwa miongoni mwa vijana waliochimba kaburi la Jairo. Lakini kalamu yake ilipofika namba kumi na saba, aliandika Jairo Mwashiuya bila kusita, na mama aliyesimama mbele yake hakusema kitu. Wote wawili waliona ndiyo heshima.

Kuanzia hapo, kila Alhamisi ya mkutano, majina yaliitwa, na ilipofika namba kumi na saba Nathanaeli alisoma, "Jairo Mwashiuya!" na Tabita akaitikia, "Yupo!" Alikuwa mwanamke peke yake mle ndani. Wake za wanachama walibaki nje na ndoo za kahawa. Wanaume walikaa kwenye mabenchi ya mbele, yeye akakaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, kushoto hana mtu, kulia hana mtu. Utani haukukosekana.

"Jamani, leo Jairo kavaa kitenge kipya!"

"Jairo kapungua, nani hampikii huyu?"

Siku moja alichoka, akageuka, akawaambia, "Jairo tangu afariki amekuwa mchapakazi kweli. Nyie wazima mbona mashamba yenu yana magugu?" Walicheka mpaka mkutano ukaharibika. Neno hilo lilizunguka Itaka nzima. Lakini aliporudi nyumbani siku hiyo hakula. Alikaa mlangoni, akachambua maharage aliyokwisha kuyachambua jana yake.

Tuseme pia habari ya Wilbard, kwa sababu marehemu hakupenda ifichwe. Wilbard alikwenda Tunduma mwaka 1998 kubeba mizigo, akavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, na barua yake ya mwisho ilifika Pasaka ya mwaka 2003 ikisema anaelekea mbele zaidi. Tangu hapo kila mwaka, kahawa ikishaisha, marehemu alibeba maharage debe moja akaenda Tunduma. Alikaa karibu na foleni ya malori siku mbili au tatu, akiuza na kuuliza. Wafanyabiashara kutoka ng'ambo walimzoea. Walimwita Bamayo, yaani mama kwa lugha yao. "Bamayo, tukimwona tutamwambia." Naye alirudia maelezo yaleyale: mrefu, ana kovu kwenye nyusi, anacheka kabla hajamaliza kusema. Maharage yakiisha alirudi. Hakuwahi kuuza haraka.

Mwaka 2009 kata ilipata bibi shamba, Jenista, binti mdogo mwenye viatu vya mvua vikubwa kuliko miguu yake. Alikuwa akipita kwa wanachama kufundisha kupogoa. Alifika akabisha.

"Shikamoo mama. Namtafuta mzee Jairo Mwashiuya."

"Marahaba. Yupo shambani."

"Naweza kumwona?"

"Twende."

Alimpandisha mteremko mpaka kaburini, akasimama pembeni. Jenista alilitazama kaburi, akaitazama mibuni iliyolizunguka, imekatwa vizuri, haina chipukizi la ovyo hata moja.

"Pole mama," akasema. "Sasa hii kahawa ni ya nani?"

"Yangu."

"Nani aliyeipanda?"

"Mimi."

"Mbona kwenye daftari la kikundi wewe haupo?"

Marehemu alisema kwamba katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Kisha akaeleza kuwa jina la Jairo ndilo linalomkinga, kwamba likitoka, ukoo utachukua shamba. Jenista akamjibu polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake ana damu kwenye nguo, "Mama, jina hilo halikukingi. Jina hilo ndilo lenye shamba. Wewe umelima kwa mtu miaka kumi na sita." Siku hiyo hawakupogoa. Walikaa kwenye majani mpaka jua likashuka.

Kuanzia hapo marehemu alitaka jambo moja tu, na wote mliokuwa karibu naye mnalijua. Alitaka jina lake liandikwe kwenye daftari kabla hajafa. Mwenye jina ndiye mwenye kahawa. Ndiye anayepewa miche na mbolea, na akifa warithi wake ndio wanaoingia. Getruda ndoa yake ilikwisha, anauza mboga sokoni Vwawa, na hana shamba popote. Kama namba kumi na saba ingebaki ya Jairo, siku mama akiondoka Getruda angekuja kuzika na kurudi na mikono mitupu.

Mzee Kefa yupo hapa leo, ameketi na wafiwa, na ametukubalia tuyaseme haya. Mwaka 2012 alikwenda kwa Nathanaeli. Alikuwa na vijana wanne na ardhi ndogo. Alisema, "Kama kaka yupo, namba ni yake. Kama hayupo, namba ni ya ukoo. Shemeji achague moja." Maneno hayo yalimfikia marehemu kabla ya jioni.

Alhamisi iliyofuata, tarehe 12 Julai 2012, Nathanaeli aliita majina. "Namba kumi na saba, Jairo Mwashiuya!" Mtu hakuitikia. Akaita tena. Wanaume waligeuka kutazama nyuma. Tabita alikuwa amekaa, mikono magotini.

"Hayupo," akasema. "Alifariki tarehe 3 Februari mwaka 1993. Nathanaeli, wewe ulichimba."

Hakuna aliyetania siku hiyo. Mkutano uliisha mapema. Yeye alisema baadaye kuwa alipokuwa akirudi nyumbani miguu ilikuwa mizito kama ile siku ya kwanza, kwa sababu alikuwa amefiwa tena na mtu yuleyule, na safari hii hakuna aliyekuja na kuni wala unga.

Jina la Jairo lilipigwa mstari, lakini la kwake halikuandikwa. Wanachama walisema lazima ukoo wa mume uandike barua, na mzee Kefa aweke sahihi. Mzee Kefa alisema atafikiri. Alifikiri misimu miwili. Muda wote huo Nathanaeli aliita, "Namba kumi na saba," basi, halafu akapita. Marehemu alimwambia Jenista, "Zamani nilikuwa maiti, sasa nimekuwa ng'ombe wa mnadani." Jenista alicheka kwa uchungu, akamwambia asikate tamaa, akaandika barua tatu kwa mkono wake kwenda kwa uongozi wa kikundi. Mwaka uliofuata Jenista alihamishiwa bondeni Momba. Marehemu alimsindikiza mpaka barabarani akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Gari lilipoondoka alibaki amesimama, mkungu bado kichwani, kwa kuwa wote wawili walikuwa wameusahau.

Maradhi yalianza mwaka huo, 2013. Alianza kuhema akipanda mteremko, miguu ikavimba. Hospitali ya Vwawa walimwambia moyo umepanuka, wakampa dawa, wakamkataza kazi nzito. Aliuliza, "Kupalilia ni kazi nzito?" Daktari akasema ndiyo, hasa kwa kusimama. Basi akanunua kigoda. Alipalilia amekaa, akimaliza mbuni mmoja anasogeza kigoda kwenye mwingine. Hesabu yake ilikuwa mibuni elfu moja mia moja arobaini. Ilimchukua kuanzia Januari mpaka Mei, akamaliza yote.

Lakini kuchuma kulimshinda. Julai mwaka huu kahawa iliiva ikawa nyekundu mteremko mzima, na yeye akawa anaitazama kutoka mlangoni. Siku ya pili alfajiri alisikia watu shambani. Alidhani ni wezi, akachukua panga. Walikuwa wanawake kumi na tisa, wake za wanachama, wamefunga vitambaa kiunoni. Wamewahi kabla ya kwenda kwenye kazi zao.

"Rudi ndani, Mama Wilbard," mmoja akamwambia. "Au unataka kutukata?"

"Mnachuma na mbichi?"

"Sikieni huyu! Mgonjwa anakagua!"

Walichuma asubuhi tatu, mbivu tupu, wakabeba mpaka mtamboni. Jioni ya siku ya tatu marehemu aliwaambia asante, akafunga mlango, akalia. Hakuwa amezoea kusikia sauti za watu pale nje wasiokuja na msiba.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Fortunata, mke wa mzee Kefa. Haya yanayofuata tumepewa na mzee Kefa mwenyewe usiku wa kuamkia jana. Fortunata alirudi nyumbani akiwa na mikono iliyogandamana kwa utomvu wa kahawa. Akamwekea mume wake chakula, akakaa mbele yake, akasema, "Baba, ukifa wewe kesho, mimi Nathanaeli ataniitaje?"

"Nife kwa lipi?"

"Nauliza tu. Nitaitikia Kefa? Au nitakuwa namba?"

Mzee Kefa alimwambia asilete maneno ya uchuro wakati wa kula. Fortunata hakulirudia tena swali lile. Alinyamaza tu. Mzee Kefa anasema unyamavu huo ulikaa nyumbani mwao wiki kumi kama mgeni asiyeaga. Tarehe 2 Oktoba alikwenda mwenyewe kwa Nathanaeli, akaomba kalamu. Kisha akapitia kwa marehemu, akasimama uani.

"Shemeji, nimeandika."

"Umeandika nini?"

"Jina lako. Tabita. Halafu nikashindwa la baba yako, ikabidi nimwulize Nathanaeli. Miaka arobaini na mitatu nakuita shemeji tu."

Marehemu alimpa kigoda chake akae, yeye akakaa chini. Walikunywa chai. Hawakuzungumza mengine.

Tabita Kibona alifariki Alhamisi iliyopita, tarehe 16 Oktoba 2014, mchana, shambani kwake, kwenye mstari wa tatu kutoka juu. Alikutwa ameketi, ameegemea mbuni, khanga imetandikwa vizuri miguuni. Madaktari wamesema ni moyo. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu na miezi minne.

Ameacha binti mmoja, Getruda, wa Vwawa; mwana mmoja, Wilbard, ambaye popote alipo tunaomba atakayemwona amwambie; wajukuu wanne, mmoja wao mwanafunzi aliyekaa naye miaka hii ya mwisho; kaka zake wawili wa Ikinga; shemeji yake mzee Kefa na Fortunata na watoto wao. Familia inamshukuru Jenista, aliyesafiri kutoka Momba tangu jana, na wanawake wale kumi na tisa, ambao leo ndio wamechimba njia ya kupandisha jeneza. Tumewataja mapema hivi, tofauti na kawaida, kwa sababu siku yake ya mwisho inafaa isimuliwe mwisho.

Siku ile alikwenda kwenye mkutano kwa miguu, akipumzika mara kwa mara. Alivaa gauni la kanisani. Wanawake waliposikia, wakaacha ndoo zao wakajazana dirishani. Nathanaeli alianza kuita. Kumi na tano, yupo. Kumi na sita, yupo.

"Namba kumi na saba. Tabita Kibona!"

Mama alikuwa akitazama mbele kama wengine, akimsubiri huyo aliyeitwa aitikie. Nathanaeli akaondoa miwani.

"Mama, ni wewe."

Akashtuka. Wengine huitikia wakiwa wamekaa. Yeye alisimama, akajinyoosha gauni.

"Nipo," akasema.

Dirishani walipiga vigelegele. Mtu mmoja wa benchi la mbele akasema, "Kaa mama, mbolea bado haijajadiliwa!" na wote wakacheka, naye akacheka pia, jambo ambalo waliokuwepo wanasema hawakuwahi kuliona. Alikaa mpaka jina la mwisho likaitwa. Halafu akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, naomba ruhusa. Mimi nilichofuata nimekipata."

"Na mbolea, mama?"

"Ya mbolea mtaniletea habari. Nataka nikaione kahawa yangu."

Fortunata alitaka kumsindikiza. Akamkataza kwa mkono, akisema atakwenda taratibu, anajua njia. Wanaume walimpisha. Nathanaeli, aliyekaa mbele akiuelekea mlango, alimwona akiiacha barabara ya nyumbani na kushika kijia cha kupandia mteremko. Hakuwa na haraka. Alisimama mara moja, akaokota kitu chini, labda punje, akaendelea mpaka majani yakamfunika. Mkutano ukaendelea na habari ya mbolea kwa saa nzima, na benchi la nyuma likabaki tupu.

Hakurudi.

Mungu amlaze kwa amani Tabita Kibona, na amwite kwa jina hilo.